osu!, Phigros, Clone Hero au Beat Saber: gemu ipi ya mdundo ikufae?

Kwa mbali gemu za mdundo zinafanana. Wimbo unapiga, alama zinakuja kwenye skrini, nawe unatakiwa kuzipiga kwa wakati wake. Ndiyo maana wengi huchagua kwa kutazama video mbili tatu, wakachukua ile yenye rangi nzuri, na baada ya wiki wakaiacha. Mara nyingi kinachowakimbiza si ugumu. Gemu waliyoichukua inapima kitu wasichokitaka, au kifaa walicho nacho hakiiwezi.

Hapa tunazilinganisha nne, kila moja na namna yake ya kuchezwa. osu! ilitolewa 2007 na Dean Herbert wa Australia, na huchezwa hasa kwenye kompyuta, kwa mausi na kibodi. Phigros ya Pigeon Games ya China ni gemu ya simu, ipo tangu 2019. Clone Hero imerithi mtindo wa Guitar Hero, ile ya gita la plastiki iliyoanza 2005 kwenye PlayStation 2. Beat Saber inatoka Prague kwa kampuni ya Beat Games, na toleo lake kamili lilitoka Mei 2019. Hii unaicheza umevaa miwani ya uhalisia pepe, mkono mmoja una upanga mwekundu na wa pili upanga wa buluu.

Zote zitapita kwenye maswali manne yale yale. Gemu inakupa alama kwa kufanya nini hasa? Inataka vifaa gani na pesa kiasi gani? Nyimbo zinatoka wapi, na unaweza kuweka za kwako? Na ni kitu gani huharibika au kumchosha mchezaji? Swali la kwanza ndilo zito, na ndilo linalosahaulika zaidi.

Unapewa alama kwa kufanya nini

osu! inapima vitu viwili kwa pamoja: shabaha na wakati. Duara linatokea mahali popote kwenye skrini, na duara la pili kubwa zaidi linajikunja kulielekea. Yakikutana, unabonyeza, mshale wa mausi ukiwa tayari juu yake. Kosa lako linapimwa kwa milisekunde. Ramani, ndivyo wachezaji wanavyouita wimbo uliokwisha kupangiwa alama, ina kipimo kinachoandikwa OD, cha ukali wa wakati. Kwenye OD 5 unapata alama 300 kamili ukibonyeza ndani ya milisekunde 50 kabla au baada ya pigo. Kwenye OD 8 zinabaki 32. Kwenye OD 10 zinabaki 20 tu. Kipimo kingine ni AR, kinachoeleza duara linaonekana muda gani kabla ya kupigwa: AR 5 ni milisekunde 1200, AR 9 ni 600, AR 10 ni 450. Anayeanza hudhani AR ndogo ni rahisi siku zote. Si hivyo. Muda ukiwa mrefu, maduara mengi yanajaa skrini kwa wakati mmoja na jicho halijui lianze na lipi. Ndiyo sababu wengine wanakwama kwenye ramani za polepole, lakini wakihamia AR 8 au 9 wanapumua.

Ndani ya osu! hiyohiyo kuna aina nne za kucheza, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Aina ya taiko haina shabaha kabisa: noti nyekundu ni pigo la katikati ya ngozi, noti ya buluu ni pigo la ukingoni. Mtu aliyewahi kushika ngoma atalielewa hilo bila kufundishwa. Aina ya mania inashusha noti kwenye njia zilizonyooka, na ile ya catch ni ya kudaka matunda yanayoanguka. Kama shabaha inakukera lakini wakati unaupenda, usiikimbie osu! kabla hujaionja taiko.

Phigros kwa upande wake ni kipimo cha jicho. Mstari ambao noti zinaangukia hautulii: unazunguka, unapanda, unalala ubavu, wakati mwingine inakuwapo mistari miwili au zaidi. Noti zenyewe ni za aina nne: ya kugusa, ya kushikilia, ya kupitishia kidole, na ya kufyatua. Dirisha lake la wakati ni pana: pigo linahesabika kamili hata likikosea kwa milisekunde 80. Pima na zile 32 za OD 8. Kwa hiyo Phigros haikubani sana kwenye wakati. Inakubana kwenye kusoma kinachokuja na kujua ni kidole kipi kipo huru. Alama za juu kabisa kwa wimbo mzima ni 1,000,000.

Clone Hero haina daraja za usahihi. Noti umeipiga au umeikosa, basi. Ukiwahi kidogo au ukichelewa kidogo lakini uko ndani ya dirisha, malipo ni yaleyale. Kinacholipwa ni kutokatika: noti 10 mfululizo zinazidisha alama zako mara 2, noti 20 mara 3, noti 30 mara 4. Mkono wa kushoto unashika vitufe vitano vya rangi, wa kulia unacharaza. Ukicharaza mahali pasipo na noti, mfululizo wako unakatika palepale. Hapo ndipo wapya wanapoumia, kwa sababu wakishikwa na hofu wanacharaza ovyo, na kila mcharazo wa ziada unazidi kuwarudisha chini. Dawa ni kuacha kucharaza kwa nusu sekunde, kusikiliza, kisha kuingia tena kwenye pigo.

Beat Saber inawashangaza hata waliokwisha kuicheza miezi. Wengi wanaamini wanapimwa kwa kuwahi mdundo, kumbe alama za kila kisanduku, ambazo kikomo chake ni 115, zinatokana na upanga wako ulivyokata. Alama 70 ni za mzungusho kabla ya kugusa, na ili uzipate zote upanga uzunguke nyuzi 100. Alama 30 ni za kuendeleza pigo baada ya kukata, nyuzi 60. Zilizobaki 15 ni za kupita karibu na katikati ya kisanduku. Wakati wenyewe hauna alama yake. Ukikata mapema au ukichelewa kidogo hakuna anayekuuliza. Mtu anayekata kwa kiwiko kifupi, kama anakata nyanya, atamaliza wimbo bila kukosa hata kisanduku kimoja na bado alama zake zitakuwa za chini. Akifungua bega na kumalizia mkono, namba zinapanda siku hiyohiyo.

Vifaa na pesa

Phigros ndiyo nyepesi kuanza: haina malipo, haina matangazo, na ukishaipakua unacheza bila intaneti. Inakula zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo ipakue penye Wi-Fi au bando la usiku. Simu iwe na skrini inayosoma angalau vidole vitano kwa pamoja. Simu za bei ya chini nyingine zinasoma viwili tu, na hapo noti za pamoja zitapotea hata ukizigusa sawasawa. Tableti ni bora kuliko simu, kwa sababu vidole gumba havifuniki kile unachotakiwa kukiona.

osu! nayo ni ya bure, na kompyuta mpakato ya mtumba inaiendesha. Toleo lake jipya, liitwalo lazer, linafanya kazi kwenye Windows, macOS, Linux, Android na iOS. Unachohitaji kununua ni mausi ya waya ya kawaida. Ile sehemu ya kutelezesha kidole kwenye kompyuta mpakato itakuvunja moyo siku ya kwanza. Kabla ya kitu chochote, zima kipengele cha Windows kinachobadilisha kasi ya mshale kulingana na haraka ya mkono. Kikiwa kimewashwa, umbali uleule wa mkono unaleta umbali tofauti kwenye skrini, na misuli yako haitajifunza chochote. Wengine hutumia kibao kidogo cha kuchorea na kalamu yake. Hakifanyi mtu awe hodari, ila kalamu inaelekeza mahali kamili badala ya kusukuma mshale, na mikono mingine inapenda hivyo.

Clone Hero ni bure pia, lakini gita ndilo shughuli. Unaweza kuanza na kibodi, na wapo wanaobaki hapo. Ukitaka gita la mtumba, soma haya kabla ya kutoa pesa. Gita la waya la Xbox 360, lile lililouzwa na Guitar Hero II, unalichomeka kwenye USB na linafanya kazi. Gita la Xbox 360 lisilo na waya linataka kipokezi chake maalumu. Gita la PlayStation 3 linakuja na kidude chake cha USB, na bila kidude hicho hichohicho gita halina kazi, hata liwe jipya namna gani. Gita la Wii ni ganda tu: linahitaji rimoti ya Wii, au adapta ya kuliunganisha na kompyuta. Wauzaji wengi wa mitumba hawalijui hili, kwa hiyo uliza kidude kiko wapi kwanza, bei baadaye.

Beat Saber ni ya mwenye uwezo. Gemu ni dola 29.99, na juu yake miwani: Meta Quest 3S, ambayo ni ya bei ya chini katika kizazi chake, ilitoka 2024 kwa dola 299.99 kabla ya usafirishaji na ushuru. Pia inataka nafasi wazi ya mita 2 kwa 2. Pima kwa futi kamba, usikisie. Na tazama juu. Nyumba yenye dari fupi na feni inayozunguka si mahali pa kuchezea gemu hii. Mkono ukipanda kukata kisanduku cha juu unakutana na panga la feni. Meta inaruhusu watoto kuanzia miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Nyimbo, na zile za kwetu

Phigros inakupa nyimbo zake, nyingi za kielektroniki kutoka Asia Mashariki, na hakuna njia rasmi ya kuweka zako. Ukiipenda ladha hiyo hutachoka upesi. Usipoipenda, hakuna mlango wa pili. Beat Saber inakuja na nyimbo zake na inauza vifurushi vya wasanii wakubwa. Nyimbo zilizopangwa na wachezaji zinawezekana kwa kubadilisha gemu yenyewe, lakini kila sasisho jipya linaweza kuyavunja mabadiliko hayo, kwa hiyo wenye nyimbo za nje huzuia gemu isijisasishe.

osu! na Clone Hero zimesimama kwenye kazi za wachezaji wenyewe, na kwa msikilizaji wa muziki wa Afrika Mashariki hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Wimbo wa kwetu usipokuwapo, unaupanga mwenyewe. Clone Hero inataka programu ya pembeni kama Moonscraper. osu! ina kihariri ndani yake: buruta faili la mp3 hadi kwenye gemu, fungua ukurasa wa muda, gonga pamoja na mdundo ili upate kasi, kisha weka milisekunde ya pigo la kwanza.

Kosa la kawaida ni kuridhika na kasi iliyo karibu. Tuseme wimbo una mapigo 200 kwa dakika nawe umeandika 200.1. Mwanzoni husikii tofauti. Lakini dakika nne zina mapigo 800, na ramani imekwenda mbele kwa takribani milisekunde 120. Kwenye OD 5 hiyo tayari si 300 tena, ni zaidi ya mara mbili ya dirisha. Kwa hiyo washa metronomu, kile kigonga mapigo, nenda moja kwa moja sekunde za mwisho za wimbo, punguza kasi hadi nusu, usikilize kama metronomu na wimbo vinakwenda pamoja au vinapishana.

Singeli ni rahisi kupangia muda kuliko watu wanavyodhani. Imetengenezwa kwenye kompyuta, kasi yake haitetereki, namba moja inatosha wimbo mzima. Ugumu uko kwenye vidole: kwa mapigo 200, noti za robo pigo zinakuja kila milisekunde 75, zaidi ya 13 kwa sekunde. Ramani ya kwanza ya singeli ipangie nusu pigo, milisekunde 150, na robo uziache kwenye vipande vifupi. Muziki wa dansi wa miaka ya 1970, kama ule uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ni kinyume chake. Vidole vinapumzika, ila bendi nzima ilipiga kwa pamoja bila metronomu, na sehemu ya sebene huchanganya mbio kidogo. Hapo unaweka alama mpya ya muda kila baada ya mizunguko michache, na unaifanya kwa sikio. Ni kazi ya jioni nzima, lakini ukiimaliza utakuwa umeusikia wimbo huo kuliko ulivyowahi kuusikia.

Kinachoharibika

Adui wa gemu zote nne ni sauti inayochelewa, na chanzo kikuu ni hedifoni za Bluetooth. Zinachelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 300 kutegemea aina. Watu husema, si kuna mpangilio wa kurekebisha? Upo, na unasogeza alama zifuate wimbo uliochelewa. Lakini sauti ya pigo lako mwenyewe, ile inayolia unapobonyeza, bado itakufikia ikiwa imechelewa, na sikio litakuambia umekosea hata pale ulipopatia. Nunua za waya, hata za bei ndogo.

Ukishakuwa na waya, rekebisha hivi. Kwenye osu!, cheza ramani rahisi hadi mwisho, angalia wastani wa kosa kwenye ukurasa wa matokeo, kisha tumia kitufe cha kurekebisha kwa mchezo uliopita. Rudia mara tatu, zikikubaliana, acha. Usirekebishe baada ya ramani iliyokushinda, kwa sababu hapo unapima hofu yako na si kifaa. Clone Hero ikiwa kwenye televisheni, picha na sauti zinachelewa kila moja kivyake: washa kwanza hali ya gemu kwenye televisheni, ndipo urekebishe.

Phigros ina maadui wa nyumbani. Simu nyingi za Android hupiga picha ya skrini ukiteremsha vidole vitatu, na noti tatu za kufyatua zinafanana kabisa na ishara hiyo: gemu inasimama katikati ya wimbo. Izime kwenye mipangilio. Washa hali ya kutosumbuliwa, na zima kiokoa betri, kwani kinapunguza mwendo wa picha na noti zinaruka badala ya kuteleza. Jasho nalo linafanya kidole cha kupitisha kikwame. Futa vidole kati ya nyimbo.

Kwa Clone Hero, kibodi za bei nafuu hazipokei vitufe vingi kwa pamoja. Fungua sehemu ya kuandika, shikilia vitufe vitatu vya rangi ulivyochagua, kisha bonyeza cha kucharazia. Kisipotokea, hamishia rangi kwenye vitufe vingine. Kwa gita, kibao cha kucharazia kikizeeka kinahesabu mara mbili au hakihesabu. Na shingo inayochomoka ikikusanya uchafu kwenye viunganishi, rangi moja inakufa ghafla: pamba na spiriti kidogo kwa kawaida vinamaliza tatizo.

Beat Saber kwenye Quest inafuata mikono kwa kamera, na kamera zinataka mwanga. Umeme ukikatika usiku, betri ya miwani inaweza kuwa imejaa lakini mapanga yanaanza kuelea. Usiiache miwani juani pia. Lenzi zinakusanya miale na kuunguza skrini ya ndani. Vaa kamba za mkononi kila mara.

Kwa upande wa mwili, osu! inachosha kifundo cha mkono, Clone Hero vidole vya kushoto, Beat Saber mabega. Ukianza kusikia ganzi, acha siku hiyo. Mwenye kifafa cha mwanga apunguze mandhari ya osu! hadi giza kabisa, na kwenye Beat Saber achague taa zisizobadilika, baada ya kuzungumza na daktari wake.

Kwa hali yako

Una simu tu na bando la kuhesabu: Phigros. Ikiwa simu inasoma vidole viwili pekee, jaribu aina ya taiko kwenye osu! lazer, inayotosheka na vidole viwili.

Una kompyuta mpakato ya kazi au ya chuo na dakika ishirini za jioni: osu!. Anzia ramani za nyota mbili (nyota ni kipimo cha ugumu), na pakua zisizo na video ili kuokoa bando. Kama unapenda kuona kwa namba kwamba umepiga hatua, hakuna inayokuonyesha wazi kuliko hii.

Unataka kucheza na wenzako sebuleni, wengine hawajawahi kushika gemu: Clone Hero yenye gita moja au mawili, kwa kiwango chepesi. Kutokuwapo kwa daraja za usahihi kunamsaidia mgeni, na wanaotazama wanauelewa mchezo papo hapo.

Lengo lako ni kutoka jasho, na nafasi pamoja na pesa vipo: Beat Saber. Kama pesa ipo lakini chumba ni cha mita moja na nusu, usiinunue sasa.

Una mtoto wa chini ya miaka 10 anayependa midundo: taiko ya osu! kwenye kompyuta ya nyumbani, mandhari ikiwa giza, na nyimbo uzichague wewe.

Na kama kinachokuvuta ni kuupanga muziki wa kwenu, chukua osu! au Clone Hero. Ukiwa huna gita, chukua osu!, pakua wimbo mmoja tu unaoujua kwa moyo, na uanze na ukurasa wa muda kabla hujaweka duara hata moja.